Gesi Ikigongana

Msimbati,
6 Februari 2005

Kwa binti yangu Shadya,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako ya mwezi wa kumi na mbili ilinifikia salama, na marahaba yangu naituma kwa barua hii. Baada ya salamu nataka kujua kama mwili wako mzima na kama unakula, maana katika ile picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba. Sisi huku tu wazima wote. Tunayemwazia ni wewe tu uliye kwenye baridi peke yako.

Habari ya kwanza ni ya heri. Mdogo wako Fauzia ana mimba ya miezi minne. Mumewe Sudi alikuja mwenyewe kutoka Mikindani kuniambia. Alikaa mkekani akazunguka na bei ya pweza mpaka chai ikapoa, ndipo akalitoa. Kwa kuwa ni uzazi wa kwanza, Fauzia atakuja kujifungulia kwao kama desturi yetu ilivyo, ingawa mama yenu hayupo wa kumpokea. Nimemwambia Sudi nitampokea mimi, na Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili atakuwa karibu kwa yale yasiyo ya mwanamume.

Habari ya pili, kampuni imerudi kisimani. Unakumbuka walichimba mwaka themanini na mbili, wakakuta gesi, wakakifunga kwa vyuma na kuondoka, nami nikawekwa kulinda. Miaka ishirini na miwili nimekaa na zile koki na ule uzio, wala sijaona hata moshi. Sasa wamekuja na magari saba. Mwaka huu watakifungua tena, gesi ipelekwe mjini kutengeneza umeme. Watu wamefurahi sana. Na mimi nimefurahi, hatuna wasiwasi wowote.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Watu huniuliza binti yako anasomea nini Uholanzi, nikisema nyota wanacheka. Uliwahi kuniambia kwamba nyota zinatokana na gesi. Hebu nieleze kwa Kiswahili cha kueleweka gesi hiyo ikoje, na inashikaje moto. Andika kirefu tu, miwani ninayo.

Ni mimi baba yako,
Nuhu


Leiden,
1 Machi 2005

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma nikiwa bado kwenye ngazi, koti sijavua. Mimi mzima kabisa, ile shingo ni kosa la mpiga picha. Ninakula viazi mpaka nimevichoka. Na wewe mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo?

Habari ya Fauzia imenifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Mwambie asibebe ndoo. Mwambie pia kwamba jina nachagua mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anawaita paka wetu wote Paka.

Baba, mwaka wa sita huu nasomea mambo ya angani na hujapata kuniuliza hata mara moja. Nilidhani unaona ni upuuzi na unanistahi tu. Kwa hiyo usinilaumu nikiandika mengi.

Unaijua Kilimia, zile nyota zinazokaa kishada, mlizokuwa mkizitazama kujua wakati wa kulima. Zile ni ndugu. Zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi. Sasa fikiria nyota mabilioni zimekaa pamoja, na kati yake gesi nyingi imetanda. Mkusanyiko huo tunauita galaksi, na sisi na jua letu tumo ndani ya mmojawapo. Ninazozisomea mimi ni galaksi mbili zilizogongana, mbali sana na hapa. Zilivutana mpaka zikaingiana.

Gesi ikiachwa peke yake ni baridi, haina shughuli. Inaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Lakini ikigongwa na gesi ya upande wa pili inabanwa, ikibanwa inapata joto, na joto likizidi sana nyota inawaka. Galaksi yetu hii iliyotulia inazaa nyota moja au mbili kwa mwaka. Zile zilizogongana zinazaa mamia kila mwaka, zinaungua hadi gesi yote iishe. Hilo ndilo nalisomea. Gesi iliyotulia haina neno mpaka ibughudhiwe.

Niulize tena, baba. Niulize chochote.

Mwanao,
Shadya


Msimbati,
27 Machi 2005

Kwa binti yangu Shadya,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kusikia u mzima na viazi vipo. Sisi wazima. Mgongo unauma asubuhi, ukipata jua unanyamaza. Bi Mwanaidi anakusalimu, na Fauzia yupo hapa nami tangu Jumatatu iliyopita. Amekuja mapema kuliko tulivyopanga kwa sababu Sudi yuko safarini kununua pweza, na mimi niliona heri awe machoni pangu. Amenenepa. Analala mchana, halafu ananiamsha alfajiri ananiuliza kama kuna embe bichi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisomea getini.

Jana wamesimamisha mtambo juu ya kisima, mrefu kupita minazi. Kuna mhandisi mmoja anaitwa Andrea, mtu wa Ndanda, ana adabu. Nilimgusia kidogo kuhusu gesi na moto. Akacheka akanishika bega, akasema, "Mzee wangu, hakuna shida kabisa," kisha akanipa kofia ngumu ya njano. Kofia ni nzuri. Lakini sikuona kama amenijibu.

Kwa hiyo nakuletea wewe maswali matatu, ni ya kutaka elimu tu. La kwanza, gesi ikishagongwa inawaka papo hapo au kuna muda wa kungoja? La pili, katika kugongana huko nani anaumia na nani anapona? La tatu, moto ukishaanza unabaki mahali pake au unafuata njia? Ukiweza, niambie na dalili zake, mtu anayetazama ataonaje kwamba sasa kumekaribia.

Usijichoshe. Jibu ukipata nafasi, lakini isiwe mbali sana.

Ni mimi baba yako,
Nuhu


Leiden,
20 Aprili 2005

Kwa baba yangu,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri na mgongo umenyamaza. Mimi sijambo, nina mafua tu ya kubadilika kwa hewa. Nisalimie Fauzia na tumbo lake, na Bi Mwanaidi, na hiyo kofia.

Profesa wangu hapa anaitwa Helena, mama wa makamo, mkali. Nilimtafsiria maswali yako matatu. Akaweka kalamu chini akaniuliza baba yako amesomea wapi. Nikamwambia amesomea getini. Amesema wanafunzi wake wengine hawajapata kuuliza swali zuri kama lako la kwanza. Nimejivuna siku nzima.

Haya, nakujibu. Haiwaki papo hapo. Galaksi mbili zikikutana mara ya kwanza zinapitana, gesi inashtuka kidogo, kisha zinaachana na kila kitu kinaonekana kimetulia. Mtu angedhani yamekwisha. Hayajaisha. Zinarudi. Ile mara ya pili ndipo zinaposhikana kabisa, gesi yote inaporomokea katikati, na ndipo kunawaka kweli. Kwa hiyo ukiona kimya cha katikati usidanganyike.

Nani anaumia? Hapa utashangaa. Nyota zilizokwisha kuzaliwa hazigusani kabisa, nafasi kati yake ni kubwa mno. Zote zinapita salama. Kinachogongana ni yale mawingu, yale ambayo bado hayajazaliwa. Vurugu yote inayaangukia hayo.

Na moto haubaki mahali pamoja. Galaksi zikivutana, gesi nyingine inachomoka na kuvutwa kuwa mkia mrefu mwembamba, na huko kwenye mkia nako kunawaka, tena mbali kabisa na pale ilipoanza. Nimekuchorea nyuma ya ukurasa huu. Pale nilipotia nukta za kalamu nyekundu ndipo penye moto.

Kuhusu dalili, hilo ndilo linaloniumiza kichwa mimi mwenyewe. Kwa macho huoni kitu. Pale panapowaka zaidi ndipo penye vumbi zito zaidi, na ukitazama unaona giza tupu. Mwaka juzi imerushwa darubini angani inayotazama joto badala ya mwanga wa kawaida, ndiyo inayotuonyesha moto ulio ndani. Asiye na chombo hicho hawezi kujua, mpaka yawe yamekwisha kuwa.

Baba, nikwambie kitu. Tarehe kumi mwezi wa sita nitasimama mbele ya maprofesa watano kuyatetea haya. Naogopa. Nikilala nayaota. Sijamwambia mtu hapa, nakwambia wewe.

Mwanao,
Shadya


Msimbati,
15 Mei 2005

Kwa binti yangu Shadya,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika jana pamoja na mchoro. Ahsante sana. Pole kwa mafua. Sisi hatujambo.

Nianze na hao maprofesa. Usiwaonyeshe hofu. Mama yenu alipofariki, Fauzia alikuwa hajaota meno, na wewe ulikuwa unauliza atarudi lini. Sikuwahi kuwaonyesha hofu hata siku moja, na ninyi mkalala usingizi. Fanya hivyo, utashinda inshallah.

Majibu yako nimeyapima na ya hapa. Kisima kilifunguliwa mara ya kwanza mwaka themanini na mbili, kikashtuka kidogo, kikatulia. Miaka yote hii mimi nilidhani ni utulivu. Hii inayokuja ni mara ya pili. Mabomba wameshayashusha kando ya barabara, yatapita Madimba mpaka mjini, hadi karibu na Ufukoni kwa shangazi yako Nasra. Nilikuwa nimefikiria kumpeleka Fauzia Ufukoni akae kwa shangazi yake, karibu na hospitali. Baada ya kuuona mchoro wako nimeacha. Mkia unaelekea hukohuko.

Watu wazima tutapita, kama ulivyosema. Nisiyeweza kumwacha hapa ni huyo aliye tumboni.

Kwa hiyo nimeamua Fauzia avuke mto Ruvuma aende Kionga kwa mama mkwe wake, akae huko mpaka azae. Amelia. Anasema uzazi wa kwanza ni kwao, na kwamba watu watasema baba yake amemfukuza. Nimemwambia ni amri yangu. Sababu sikumwambia, si vizuri kumtia hofu mwenye mimba. Na wewe ukimwandikia usimwambie.

Watafungua Jumamosi tarehe nne mwezi wa sita, saa tatu asubuhi. Zuberi mwenye mashua hayupo mpaka Ijumaa jioni, kwa hiyo wataondoka alfajiri ya Jumamosi hiyohiyo, Bi Mwanaidi atamsindikiza. Siku hizo ni za bamvua, maji yatakupwa sana, lakini Zuberi anaujua mlango wa Ruvuma.

Mimi nitabaki getini. Haiwezekani nilinde miaka ishirini na miwili halafu siku ya kazi wanikose. Hati ya shamba la mikorosho nimempa Fauzia avuke nayo. Ni yenu wote wawili, mgawane bila maneno.

Soma kwa bidii. Umenisaidia kuliko unavyojua.

Ni mimi baba yako,
Nuhu


Leiden,
6 Juni 2005

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na tano imefika leo saa nne asubuhi. Leo ni Jumatatu. Jumamosi imepita.

Nimetoa barua zako zote nimezitandaza sakafuni na kuzisoma kwa mpangilio. Baba, uliniuliza kisima, nami nikakujibu galaksi. Hukutaja kisima katika maswali, ulikitaja pembeni tu, ukasema hamna wasiwasi. Mimi nikafurahi kwamba baba yangu anaulizia kazi yangu. Nilifurahi mno hata sikuona.

Nisikilize. Gesi ya Msimbati haiwezi kuwa nyota. Hiyo ni gesi ya kupikia. Imo chini ya ardhi imetulia, ikitoka inapita bombani, na haishiki moto mpaka ipate hewa na mtu aiwashe. Gesi ninayoisomea mimi, wingu lake moja tu ni zito kuliko jua mara elfu nyingi. Huwezi kulinganisha. Niliposema mara ya pili ndiyo mbaya, nilikuwa nasema kitu kinachochukua miaka milioni mia kadhaa. Niliposema mkia, sikuwa nasema bomba. Niliposema ambayo hayajazaliwa, baba, nilikuwa nasema mawingu. Wallahi nilikuwa nasema mawingu.

Kama hujampeleka Fauzia, usimpeleke. Apelekwe Ufukoni kwa shangazi, karibu na hospitali.

Najua ninaandika jambo ambalo limekwisha kufanyika. Nimempigia shangazi Nasra mara kumi na moja, simu yake haipatikani. Nimepiga duka la jirani yake Sudi kule Mikindani. Aliyepokea amesema Sudi aliondoka jana kwa haraka, hata duka hilo alilokuwa amemshikia kwa muda ameliacha wazi, na hakusema anakwenda wapi. Nikauliza kuna nini, akasema hajui. Alivyosema hajui, sauti yake sikuipenda.

Naogopa sana. Niandikie. Au mwambie mtu yeyote mwenye simu anipigie, hata kama ni neno moja.

Mwanao,
Shadya


Msimbati,
3 Julai 2005

Kwa binti yangu Shadya,

Assalaam aleikum. Barua yako ya tarehe sita imenifikia juzi. Nasra ameniambia alizungumza nawe kwa simu wiki ile, akakupa habari ya mtoto. Nilimwomba mengine aniachie mimi. Nimechelewa, unisamehe. Nimeianza barua hii mara nne.

Sikuulizi kama u mzima, maana najua. Mimi mwili ni mzima.

Siku ile Fauzia na Bi Mwanaidi waliondoka kwa mashua ya Zuberi kabla ya jua. Zuberi alimtazama Fauzia akaniambia, "Nzee, ntoto huyu hali yake si ya safari." Nikamwambia kazi yako ni kuvusha. Fauzia hakuniaga vizuri, alikuwa bado amenuna. Nilimfunga kanga ya pili mabegani kwa sababu ya upepo, akaniachia nimfunge. Kisha nikaenda kazini.

Saa tatu walifungua. Walikuwepo wakubwa, na watu wa kijiji nje ya uzio. Nilikuwa nimetia udhu. Nilisimama getini na ile kofia, nikatoa shahada kimoyomoyo. Koki ikazungushwa, ikatoka sauti ya kuzomea, ardhi ikatikisika kidogo miguuni, na kule mbali kwenye bomba lao la kuchomea gesi ukatoka moto mmoja, mrefu, umetulia pale pale. Watu wakapiga makofi. Andrea akaja akanikumbatia. Nikangoja. Hakikutokea kitu chochote. Nikakaa kwenye benchi langu nikacheka, Shadya. Nilicheka mpaka machozi. Niliwaza nitavuka kesho nikamchukue Fauzia, nitamwomba radhi, nitamwambia baba yako mzee amekuwa mjinga, na yeye atanicheka mwaka mzima. Nilikuwa na furaha kiasi cha saa nne.

Saa saba na nusu Zuberi akaja anakimbia, suruali imelowa hadi kiunoni.

Mashua ilikwama kwenye fungu la mchanga katikati ya mlango wa mto. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa kuliko alivyotazamia. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja yajae. Walikaa pale juani tangu saa mbili. Uchungu ulimshika Fauzia saa tatu, wiki sita kabla ya wakati. Bi Mwanaidi alimzalisha juu ya mchanga, Zuberi na mwenzake wameshika tanga kuwafanyia kivuli, wametazama pembeni. Alikuwa mtoto wa kike. Alilia. Bi Mwanaidi anasema alilia sauti ndogo kisha akanyamaza, wakamsugua, wakampulizia, akalia tena kidogo. Maji yalipofika kuinua mashua alikuwa amekwisha kufa, na Fauzia alikuwa anatoka damu nyingi.

Walimrudisha huku, kwa kuwa huku kulikuwa karibu. Nilikimbia kwa Andrea sina kofia sina viatu. Alitoa gari la kampuni hapohapo, akaendesha mwenyewe hadi mjini. Daktari amesema ingepita nusu saa tungemkosa na yeye. Kwa hiyo watu niliowakimbia ndio walioniokolea mwanangu. Hilo nalo nimebaki nalo.

Kwa kuwa mtoto alilia, tulimpa jina, tukamkafini na kumswalia. Sudi alikuwa hajafika na Fauzia hana fahamu, ikabidi jina nilitoe mimi. Nimemwita Raheli, jina la mama yake mama yenu. Sikuweza kufikiri jina lingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana Nasra ananiambia hulali. Ulinijibu sawasawa kila nilichouliza. Nimeyasoma tena maswali yangu katika kumbukumbu na sioni mahali ambapo mtoto wangu angejua. Ningeandika mstari mmoja tu mwezi wa tatu, kwamba Shadya, wanafungua kisima na mimi naogopa. Ungenijibu kwa barua moja na tungecheka. Lakini wewe ni mwanangu. Nilikuwa sijui baba anamwandikiaje mwanawe maneno hayo. Wewe uliniandikia mimi bila shida, unaogopa maprofesa, nami nikakufundisha kuficha. Nasra anasema ulisimama mbele yao siku ile, ukamaliza, ukatoka nje ukalia. Sikukuuliza hata kama ulishinda.

Fauzia ametoka hospitali, yuko nyumbani, chumba cha nyuma. Anakula kidogo. Sudi amekaa naye wiki mbili kisha amerudi kazini. Siku ya kwanza Fauzia alipoweza kuketi aliniuliza, "Baba, kwa nini ulinipeleka?" Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Akageukia ukutani. Tangu siku ile haniambii kitu. Nikiingia anafumba macho. Anaamini nilimfukuza nyumbani kwao akiwa na mimba, na hajui kosa lake ni lipi. Bi Mwanaidi anasema usiku Fauzia humwuliza, nilimkosea nini baba.

Usimwandikie kumweleza. Najua unataka. Niachie.

Zamu yangu siku hizi ni ya usiku, inaisha saa kumi na mbili asubuhi. Lakini natoka saa nne, saa tano. Nafagia, napanga mawe ya njia, nawasubiri watu wa mchana nipige nao soga. Andrea anadhani naipenda kazi, ameniombea cheti. Miaka yote nimekaa hapa nikikiogopa kisima hiki, sikumwambia mtu, hata mama yenu sikumwambia. Sasa hapa ndipo ninapopumzika, na ninapopaogopa ni nyumbani kwangu. Naogopa ule mlango wa chumba cha nyuma. Naogopa atakavyonitazama nikimwambia kwamba sikumfukuza, kwamba niliogopa tu, nikaona haya kusema, na mtoto wake akafa juu ya mchanga kwa sababu ya haya yangu.

Sasa hivi ni saa mbili asubuhi. Barua hii nampa Andrea aipeleke posta, maana gari linakwenda mjini. Kisha nakwenda nyumbani kumwambia.

Ni mimi baba yako,
Nuhu